Kisoda: Kete Isiyouzwa Dukani

Je, wajua kwamba kila kreti la soda ya chupa limebeba seti nzima ya drafti? Kreti lina chupa 24, na drafti huchezwa kwa kete 24, yaani 12 huku na 12 kule. Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Ni sadfa tu, ila kwa watoto wa mtaani ni sadfa yenye faida: soda zikishanyweka, mchezo umeshapatikana.

Kete hiyo ni kisoda, kile kifuniko cha bati chenye meno. Wengine hukiita kizibo. Tunakikanyaga njiani kila siku bila kukitazama. Mwanafunzi wa darasa la kwanza hukitumia kuhesabia, na fundi hukitoboa kwa msumari akabania wavu wa dirishani. Kazi yake kubwa kuliko zote, lakini, huifanya barazani, juu ya kibao chenye nyumba 64.

Barazani Amani

Amani ipo Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Wengi huijua kwa uwanja wake wa mpira, uliofunguliwa upya Desemba 2023 baada ya ukarabati mkubwa. Mechi ya uwanjani ina siku zake. Ya barazani ni ya kila siku, na huanza watu wakishatoka kusali alasiri.

Wawili wamekaa wakitazamana, kipande cha plaiwudi kimewekwa juu ya stuli katikati yao. Nyumba nyeusi zimepakwa rangi iliyobaki kwenye kazi ya mlango wa mtu. Visoda vya mmoja vimeonyesha jina la soda. Vya mwenzake vimepinduliwa, vinaonyesha tumbo na meno. Waliosimama ni wengi kuliko wanaocheza, na kila aliyesimama anajua zaidi.

Kijana anasukuma kete moja mbele kama mtu aliyepitiwa.

"Yakhe, kula!" anasema mmoja wa waliosimama, na hasemi kwa kupenda: kwenye drafti kula ni lazima. Mzee anakiinua kisoda chake, anakigonga ubaoni, ta! Amekula. Kumbe amelishwa. Kijana haongei, anaruka moja, mbili, tatu, na kete yake inatua mstari wa mwisho. Kingi! Kisoda cha pili kinapandishwa mgongoni mwa cha kwanza.

"Mie nilikuwa namwangalia muuza kahawa," anasema mzee, na baraza zima linacheka, kwa sababu muuza kahawa hajapita bado.

Lile "ta!" ndilo la kusikiliza. Ni bati juu ya ubao, sauti ndogo yenye kiburi, na mchezaji hodari wa drafti hujulikana kwa namna anavyoitoa. Hakuna kiwanda cha michezo kilichoipangia kisoda sauti hiyo.

Mtoto wa kutupwa

Kisoda kilibuniwa Baltimore, Marekani, na William Painter, aliyepewa hataza tarehe 2 Februari 1892. Kabla yake, kuziba chupa yenye gesi kulikuwa shida. Vizibo vilivuja, gesi ikatoka, kinywaji kikabaki maji ya sukari. Huko Uingereza, Hiram Codd alikuwa ametengeneza mwaka 1872 chupa iliyozibwa kwa gololi ya kioo shingoni. Gesi yenyewe huisukuma gololi juu na kuibana. Ujanja ulikuwa mzuri, lakini watoto walizivunja chupa wakachukua gololi wakaenda kucheza. Kwa hiyo kisoda si kizibo cha kwanza cha soda kugeuzwa mchezo. Kimemrithi kaka yake.

Painter alichukua bati jembamba, akalipa kingo za mawimbi, na ndani akatia kipande chembamba cha korki, lile gome jepesi linaloziba chupa za mvinyo. Mashine ikikandamiza, mawimbi yale hubana shingo ya chupa kama vidole. Kisoda chake cha awali kilikuwa na meno 24. Cha leo kina 21. Chukua kimoja uhesabu. Korki nayo imeondoka, mahali pake pamechukuliwa na utando wa plastiki.

Usikidharau kwa udogo wake. Chupa ya soda iliyokaa juani ina shinikizo kubwa kuliko la tairi la gari dogo, na kinacholizuia lisitoke ni bati lenye unene wa kama robo ya milimita. Ndiyo maana soda ya moto hufunguka kwa kelele na kumwagikia shati lako.

Painter aliamini sana biashara ya kitu cha kutumia mara moja. Katika kampuni yake alikuwapo mchuuzi mmoja aliyetamani kuwa mvumbuzi, naye Painter akamshauri abuni kitu ambacho mtu akishakitumia atakitupa, kisha arudi kununua kingine. Mchuuzi huyo aliitwa King Camp Gillette. Wembe wake ulianza kuuzwa mwaka 1903, na jina lake bado linasomeka madukani kwetu.

Basi fikiria: kitu kilichozaliwa ili kitupwe baada ya sekunde moja ya kazi kinakaa miaka kwenye kopo la maziwa nyuma ya mlango wa mtu wa Amani, na kila jioni kinaitwa kazini. Kinachokiua ni kutu. Jina na rangi ya soda huchapwa kwenye bati likiwa bado bapa, kisha visoda hukatwa. Kwa hiyo kwenye ncha za meno chuma kimebaki wazi, na hewa ya chumvi ya kisiwani huanza kula hapo hapo. Kisoda cha zamani utakijua kwa meno mekundu kama ya mla tambuu.

Jina kubwa, mchezo mdogo

Sasa tugeuze upande wa pili. Makampuni ya vyakula na vinywaji nayo yametoa michezo ya ubaoni yenye majina yao. Mwaka 1975 kampuni ya Marekani ya Milton Bradley ilitoa mchezo wa McDonald's. Monopoly, iliyotolewa na Parker Brothers mwaka 1935 kwa kufuata wazo ambalo Elizabeth Magie alilipatia hataza mwaka 1904, imeshavishwa nguo za kila namna, zikiwemo za Coca-Cola. Sanduku linang'aa, na jina linajulikana hata na mtoto asiyejua kusoma. Kwa nini basi michezo ya aina hii mara nyingi huishia juu ya kabati?

Nilipata jibu nyumbani kwetu. Ndugu yetu aishiye Muscat aliwaletea wapwa zangu mchezo wa ubao wenye jina la biskuti fulani maarufu. Ndani mlikuwa na ubao uliochorwa njia ya kuzunguka, dadu moja, vijitu vinne vya plastiki na rundo la karata. Unarusha dadu, unasogea. Ukitua kwenye picha unachukua karata: umekula biskuti, nenda mbele hatua 2, umemwaga maziwa, rudi nyuma hatua 3. Mzunguko wa kwanza watoto walicheka. Wa pili walisoma karata kimya. Wa tatu mdogo wao, mwenye miaka sita, akauliza: "Sasa mie nafanya nini?"

Lilikuwa swali la kitaalamu. Hakuwa na la kufanya. Dadu ndilo lililokuwa likicheza. Yeye alikuwa mchukuzi wake. Akili zote alizokuwa nazo hazikuweza kubadilisha hata hatua moja. Mchezo usiokupa nafasi ya kukosea haukupi nafasi ya kushinda pia. Unakujulisha matokeo tu.

Upo mchezo mashuhuri wa Marekani uliojengwa hivyo kwa makusudi. Unaitwa Candy Land na ulitoka mwaka 1949. Aliyeubuni, Eleanor Abbott, aliwakusudia watoto wadogo waliolazwa kwa polio. Karata zikishachanganywa, mshindi ameshapatikana. Kilichobaki ni kumgundua. Kwa mtoto mgonjwa wa miaka minne, asiyejua kuhesabu, hiyo ni huruma. Kwa mtoto mzima aliyezoea ludo, ni kupoteza jioni. Hata ludo yenyewe, pamoja na dadu lake, humpa mchezaji kete nne na kumwachia achague ipi asogeze. Hapo ndipo ugomvi na utamu vinapoanzia.

Tatizo si chakula, wala si jina. Tatizo ni mahali pa kuanzia. Mtengenezaji wa mchezo wa biskuti huanza na jina, kisha hutafuta mchezo wa kulining'iniza. Jina ndilo linalouza sanduku, na sanduku likishauzwa kazi yake imekwisha. Baraza huanza na mchezo, kisha hutafuta chochote cha kushika nafasi ya kete. Jina la soda kwenye kisoda lina kazi moja tu barazani: kuonyesha kwamba kete hii ni yangu na ile ni yako.

Bahati chini ya kifuniko

Lipo balaa jingine, pale kampuni inapoufanya mchezo uwe wa bahati, na bahati yenyewe iwe mikononi mwa kampuni. Kisoda kilishahusika.

Mwaka 1992 nchini Ufilipino, Pepsi ilichapa namba za tarakimu tatu ndani ya visoda vyake. Namba ikitajwa kwenye televisheni, mwenye nayo anapata zawadi, na ya juu kabisa ilikuwa peso milioni 1. Tarehe 25 Mei ikatajwa 349. Kwa kosa, namba hiyo ilikuwa imechapwa kwenye visoda vinavyokadiriwa kufikia 800,000, vingi vya watu maskini waliokesha wakipanga maisha mapya. Kampuni ikasema visoda hivyo havina alama sahihi ya uthibitisho, ikawapa waliokubali peso 500. Watu wakaandamana, magari ya soda yakachomwa moto, na wapo waliopoteza maisha. Kesi zilichukua miaka. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kampuni haidaiwi.

Nchini Marekani, McDonald's ilianza mwaka 1987 mchezo wa kubandua vikaratasi vya Monopoly kwenye vikombe na pakiti za chakula. Mamilioni ya watu walibandua na kutupa. Mwaka 2001 wapelelezi wa FBI walitangaza sababu mojawapo ya bahati yao mbaya: Jerome Jacobson, mkuu wa ulinzi katika kampuni iliyopewa kazi ya kuuendesha mchezo huo, alikuwa akiiba vikaratasi vya ushindi na kuvigawa kwa malipo. Zawadi zilizopotea hivyo zilipita dola milioni 24.

Barazani huwezi kuiba ushindi kwa njia hiyo. Kete zote 24 zipo juu ya ubao, macho ya watu kumi yanazitazama, na anayeshindwa ana mtu mmoja tu wa kumlaumu.

Sufuri 20

Huenda mtu akasema: drafti nayo ni mchezo wa watu wasio na kazi. Awaulize wanasayansi wa kompyuta.

Mwaka 1989 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walianza kuifundisha kompyuta drafti kwa nia ya kuumaliza mchezo, yaani kujua matokeo yake iwapo pande zote mbili hazitakosea hata mara moja. Ubao una nyumba nyeusi 32 tu za kuchezea. Lakini namna kete zinavyoweza kupangika humo ni kama 5 ikifuatiwa na sufuri 20. Kompyuta nyingi zilifanya kazi hiyo kwa vipindi, na jibu likatangazwa mwaka 2007: asipokosea mtu, ni sare.

Je, mzee wa Amani afunge ubao wake? Hapana. Alberta walichunguza drafti ya Kiingereza, ambayo kingi wake hutembea nyumba moja moja kama mtu mzima mwenye magoti mabovu. Kingi wa mabaraza yetu huruka, anatoka pembe hii anaua pembe ile. Kanuni zikibadilika, hesabu nazo zinabadilika. Na hata kama lingekuwa jibu la drafti yetu, lingesema habari za watu wasiokosea, ambao barazani hawajaonekana bado.

Hapo ndipo penye siri ya kisoda. Kitu chenye thamani ya takataka kinashika nafasi katika mchezo ambao kompyuta ziliushughulikia miaka 18. Mchezo wa biskuti, pamoja na plastiki yake ya rangi nne, ungemalizwa na mtoto wa miaka sita kwa swali moja.

Ukoo wa kete

Neno kete nalo lina habari. Kete ni aina ya kombe dogo la pwani, lile jeupe lenye mdomo wa meno madogo, na ndilo lililoupa jina lake mchezo wa bao la kete. Bao lina mashimo 32 katika safu nne na huchezwa kwa kete 64, ambazo siku hizi aghalabu ni komwe, mbegu ngumu za kijivu. Mabingwa wa Zanzibar walimvuta mtafiti Mholanzi, Alex de Voogt, aliyekuja kuchunguza jinsi vichwa vyao vinavyobeba hesabu ndefu bila karatasi. Utafiti wake alioukamilisha mwaka 1995 ulihusu umahiri huo.

Tazama basi mfuatano: kombe liliokotwa ufukweni, komwe ikaokotwa porini, kisoda kikaokotwa chini ya meza ya duka. Vyote vitatu vimeokotwa. Mtu wa pwani hakuwahi kusubiri kiwanda kimtengenezee kete. Aliangalia kinachopatikana kwa wingi, kinachofanana, kinachoshikika kwa vidole viwili, akakipa kazi. Ukikazia macho, kisoda kilichopinduliwa na meno yake kinafanana kidogo na kombe lile lenye mdomo wa meno.

Siku hizi chupa za kioo zinapungua na soda nyingi huja kwenye chupa za plastiki zenye kifuniko cha kuzungusha. Mabaraza hayakulia. Vifuniko vya bluu vya maji vimekaa upande mmoja, vyekundu vya soda upande wa pili, na mchezo unaendelea. Kilichopotea ni lile "ta!", plastiki haigongi, hunong'ona. Wazee wengine wameficha visoda vyao vya bati kwa sababu hiyo tu.

Na ule mchezo wa biskuti? Dadu limehamia kwenye ludo ya watoto, ambako lina kazi. Ubao umekuwa kipepeo cha jiko la mkaa, na unapepea vizuri. Sanduku lake lenye jina kubwa ndimo wapwa zangu wanamoweka visoda.

Ukitaka kuanza wewe, gharama ni ndogo. Kisoda kina upana wa kama milimita 32, kwa hiyo nyumba ya sentimita 4 inakitosha na kukiachia kidole nafasi. Ubao wa sentimita 32 kwa 32 umekamilika. Kisoda kilichopinda kilaze juu ya saruji ukigonge kwa jiwe. Chenye kutu kali kitupe, na vyote viweke mbali na mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Hesabu 24. Ukikosa cha mwisho, weka kifungo cha shati. Nacho ni kete, mradi mwenzako amekubali.